Kompyuta ya gemu ya maji kwenye keisi ndogo: AIO, lupu ya kufunga mwenyewe, au ubaki na feni tu?

Wakuu, kila mtu akiuliza kuhusu keisi ndogo na maji anajibiwa "chukua AIO ya 240 utulie", na mi naona hilo jibu linamwacha mtu njiani, kwasababu kwenye keisi ndogo huanzi kwa kuchagua kipozeo. Unaanza na keisi, keisi ndo inakuambia rejeta (ile sehemu yenye feni inayotoa joto la maji) gani inaingia na ya unene gani, afu GPU yako, yaani kadi ya picha, ndo inaamua kama hiyo rejeta itakusaidia kitu au itakuwa pambo. Kwahiyo nalinganisha njia tatu za maji: AIO ndani ya keisi yenye ujazo wa lita 11, AIO ndani ya keisi ya lita 18, na lupu (mzunguko wa maji) ya kufunga mwenyewe inayopoza prosesa na GPU kwa pamoja. Ya feni tupu nayo nitaigusa maana kuna watu wengi hawahitaji maji kabisa na hakuna anayewaambia. AIO, kwa mgeni, ni ile inayokuja imeshafungwa kiwandani, pampu, mipira miwili na rejeta, hujazi maji wala hufungui kitu, na 240 au 280 ni ukubwa wa rejeta kwa milimita, yaani feni mbili za 120 au mbili za 140.

Kwanza tuelewane joto linatoka wapi. Chukua mashine ya kawaida tu ya watu wa gemu, Ryzen 7 7800X3D na RTX 4080. Hiyo prosesa AMD wameiandikia wati 120 ila ukiwa ndani ya gemu mara nyingi inakula kati ya 50 na 80 hivi, wakati kadi imepangiwa wati 320. Ukipanda RTX 5080 ni 360, ukienda 5090 ni 575. Piga hesabu mwenyewe, kama asilimia 80 ya joto lote iko kwenye kadi, na AIO unayoifikiria inashughulika na hiyo 20 iliyobaki. Kwahiyo mtu anayesema "GPU yangu inafika digrii 83 nataka niweke maji" afu ananunua AIO ya prosesa, hajagusa tatizo lake hata kidogo, na kuna wakati analiongeza kabisa, kwasababu rejeta imeziba njia ambayo kadi ilikuwa inavutia hewa.

Jambo la pili ni kwamba maji hayatengenezi baridi. Yanachukua joto sehemu moja yanalipeleka sehemu nyingine, na hayawezi kushuka chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Rejeta ikikaa pabaya ni kama gari kwenye foleni ya Ubungo mchana, maji yamejaa vizuri tu ila hewa haipiti.

Keisi ya lita 11: Lian Li A4-H2O

Hii Lian Li waliitengeneza pamoja na DAN Cases, ina kama lita 11, mazabodi upande mmoja na kadi upande wa pili, zimepeana migongo, katikati wameziunganisha kwa raiza (waya bapa wa kuunganisha kadi na mazabodi), halafu rejeta ya 240 inalala juu. Mazabodi ni mini-ITX, yaani milimita 170 kwa 170, sloti mbili za RAM na sloti moja ya kadi, basi.

Hapa maji yana sababu ya kweli ya kuwepo. Upande wa prosesa umebakiziwa mm 55 tu za urefu wa kipozeo, kwahiyo vya feni vinavyoingia ni vile vifupi kama Noctua NH-L9a ya mm 37 au Thermalright AXP90-X47 ya mm 47, ambavyo kwa prosesa ya wati 65 viko vizuri kabisa lakini kwa 7800X3D utavisikia, na ikiwa unafanya pia kazi za kurenda video vitazidiwa mapema. AIO inachukua lile joto inalipeleka juu na kulitoa nje moja kwa moja, na kwenye nafasi ya mm 55 hakuna kipozeo cha feni kitakachofanya hivyo.

Sasa kipimo ambacho watu hawakisomi: hiyo nafasi ya juu inabeba mm 55 kwa rejeta na feni kwa jumla. Rejeta za kawaida zina unene wa mm 27, feni mm 25, jumla 52, inaingia na inabaki mm 3. Arctic Liquid Freezer, ambayo kila mtu anaisifia na kwa haki kabisa, rejeta yake ni mm 38, ukiongeza feni za 25 unapata 63. Haiingii. Unaweza kuzitoa feni zake ukaweka nyembamba za mm 15 ukafika 53, ila hapo umelipia feni nzuri ukaziweka kabatini na umebaki na feni dhaifu kwenye rejeta nene, hiyo biashara mi siioni. Kwa A4-H2O nunua AIO ya mm 27 na usilazimishe.

Kitu kingine ni mipira. Kwenye picha za matangazo imejikunja vizuri sana, ila ukiwa unafunga mwenyewe utakuta inashuka kutoka juu inabanana na nyaya za pawa sapulai na RAM, na ule mpira ni mgumu, unaukunja unarudi, mfuniko wa pembeni unakataa kukaa na ukiulazimisha unasukuma ile kona ya mpira pale unapoingia kwenye bloku (kile kichwa kinachokaa juu ya prosesa). Dawa ni kugeuza bloku ya pampu kabla hujaibana, jaribu pande zote mbili zinazoruhusiwa na AM5 (soketi ya hizi prosesa za Ryzen) uone mipira inatoka wapi bila kusukumwa, na nyaya za pawa sapulai ziwe fupi za saizi ya SFX (pawa sapulai ndogo), sio zile ndefu za ATX (ya kawaida) zilizokunjwa kunjwa zikasukumiwa kona.

Kadi inaingia hadi mm 322 kwa urefu. RTX 4090 ya Nvidia wenyewe ni mm 304 inaingia, ila kumbuka plagi ya umeme ya pini 16 inataka uache kama mm 35 za waya ulionyooka kabla hujaukunja, hili sio la mapambo, waya ukikunjwa pale pale kwenye kichwa pini zinakaa vibaya na ndo mwanzo wa plagi kuyeyuka. Pima urefu, pima na upana pamoja na plagi.

Na raiza. Mwaka 2021 huko Marekani NZXT H1, ambayo nayo ilikuwa keisi ndogo yenye AIO ndani, ilibidi irudishwe kwasababu skrubu za kushikilia raiza zingeweza kugusa njia ya umeme na kuwasha moto. Sisemi keisi zote ziko hivyo, nasema raiza ni kifaa cha umeme na sio kipande cha plastiki, iangalie, usiikunje kwa nguvu, na kama kadi yako ni ya PCIe 5 (PCIe ni njia inayounganisha kadi na mazabodi, namba ni kizazi chake) na raiza ni ya 4 na skrini inabaki nyeusi, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uiweke sloti kwenye 4 mwenyewe badala ya kuiachia ichague. Fremu utakazopoteza hazionekani kwa macho.

Faida moja kubwa ya hii keisi ambayo haisemwi: rejeta iko juu ya pampu. Viputo vya hewa vinapanda vinakaa kwenye rejeta, pampu inabaki na maji muda wote. Pampu ikiwa ndo sehemu ya juu kuliko zote utasikia kama mtu anasukutua mdomo kila ukiwasha, na ikiendelea hivyo inakufa mapema.

Keisi ya lita 18: Cooler Master NR200

Hii ilitoka 2020 na mpaka leo mi bado naipendekeza kwa mtu wa kwanza kujenga keisi ndogo. Ina kama lita 18, kwahiyo wapenzi wa keisi ndogo kweli kweli wataiona jumba, ila inakaa mezani vizuri na inaingia kwenye begi la mgongoni.

Maji hapa unayaweka pembeni, rejeta hadi 280. Ukilinganisha eneo, 240 ina milimita za mraba 28,800 na 280 ina 39,200, yaani 36% zaidi, na hiyo tofauti unaisikia kwa masikio kuliko kuiona kwenye namba za joto, feni za 140 zinazunguka taratibu kwa kazi ile ile. Na ile Arctic nene iliyokataa kule juu, watu wengi wanaifunga hapa ya 280 na inakaa, mradi RAM iwe fupi. RAM zenye mapembe ya taa acha dukani.

NR200P ilikuja na kioo pamoja na mfuniko wa wavu. Ukiweka rejeta pembeni tumia wavu, tafadhali. Nimeona picha za watu wamefunga 280 nyuma ya kioo kwasababu wanataka taa zionekane, sasa hewa inaingilia wapi?

Lakini sababu yangu kubwa ya kuipenda sio hata rejeta, ni chini. Chini ya kadi unaweza kuweka feni mbili za 120 zinazoisukumia GPU hewa mbichi kutoka nje, na tumeshakubaliana joto liko kwenye GPU. Kwahiyo AIO pembeni inahudumia prosesa, feni za chini zinahudumia kadi, kila mmoja na hewa yake, hawagombani. Kwenye A4-H2O kadi inavuta hewa yake pembeni vizuri, ila sehemu ya joto lake linapanda ndani na rejeta ya juu inalipitisha lile lile joto kwenye mapezi yake, ndo maana prosesa ile ile na AIO inayofanana itasoma juu zaidi humo.

Kwa anayeagiza nje na anaogopa vitu kutokutoshana kuna NR200P Max, inakuja na AIO ya 280 na pawa sapulai ya wati 850 vimeshafungwa ndani. Sio ya bei rahisi, ila hesabu pawa sapulai ya SFX peke yake, ambayo kwetu hupati kirahisi kama zile za ATX zilizojaa madukani, uone kama bei haikaribiani.

Kati ya hizi mbili basi? Kama meza ni ndogo kweli, au unasafiri na mashine, au unataka tu kitu kizuri cha kutazama na uko tayari kupima kila milimita, A4-H2O. Wengine wote NR200, na sioni haja ya kuzunguka zunguka hapo.

Lupu ya kufunga mwenyewe

Hapa unanunua pampu, rejeta, bloku ya prosesa, bloku ya GPU, mipira, fitingi (viungio vya mipira), na maji unajaza mwenyewe. Raha yake kwenye keisi ndogo ni kwamba ukivua lile dude la feni tatu la kadi ukaweka bloku, kadi iliyokuwa inakula sloti tatu inakonda inabaki nyembamba, na ile nafasi inakuwa yako. Kwenye NR200 unaweza kuweka rejeta ya 240 chini pamoja na ya 280 pembeni kwasababu kadi haizibi tena. Na GPU yenyewe inapoa kwa namna ambayo feni zake haziwezi, kawaida inakaa kama digrii 10 hadi 15 juu ya maji, kwahiyo maji yakiwa 45 kadi haizidi 60 huku mashine kimya.

Ila lazima rejeta zitoshe. Wati 390 za ule mfano wetu (320 za kadi na 70 za prosesa) kwenye rejeta moja ya 240 ni nyingi, maji yatapanda digrii 15 mpaka 20 juu ya hewa ya chumbani. Pampu nyingi za aina ya D5 na DDC kikomo chake ni maji ya digrii 60, na bomba ngumu za PETG nazo zinaanza kulegea maji yakisogelea huko. Kwahiyo lupu ya GPU na prosesa kwenye A4-H2O yenye 240 moja inawezekana, watu wanaijenga na inapendeza kweli, lakini kwa kadi ya wati 200 na ushee kama RTX 4070 Super, sio 4090.

Bei ndo inayokata maneno. Kipozeo kizuri cha feni ni dola 35 hadi 40, AIO ni kama 80 hadi 150, lupu kamili ya prosesa na GPU andaa 500 kwenda juu, na fitingi ndo zinazokushangaza maana unaziona ndogo ila unahitaji kumi au zaidi na kila moja ina bei yake. Halafu bloku ya GPU inatengenezwa kwa bodi ya kadi fulani tu. Sio "RTX 4080", ni 4080 ya kampuni fulani modeli fulani, ukikosea matundu hayakutani, na ukibadilisha kadi bloku umeachana nayo.

Kwa keisi ndogo chukua pampu ya DDC, ni ndogo kuliko D5. Chukua mipira laini ya EPDM badala ya bomba ngumu, najua ngumu zinapendeza zaidi kwenye picha, ila ndani ya lita 18 kupinda bomba ngumu kwenye kona nne huku mkono hauingii ni mateso, na siku unataka kubadilisha RAM unavunja kila kitu. Weka na vali ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa. Usichanganye shaba na aluminiamu kwenye lupu moja, vinakulana taratibu ndani na mapezi yanaziba, rejeta ziwe shaba na bloku ziwe shaba yenye nikeli.

Kuhusu maji: tumia yaliyotengenezwa kwa kazi hii au maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale safi kabisa yasiyo na madini, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Watu wanakimbilia "maji ya betri" ya petrol stesheni, sasa angalia sana lebo, kwasababu chini ya jina hilo hilo kuna yanayouzwa ambayo ni maji safi na kuna ambayo ni asidi yenyewe ya betri. Kulanti ya gari pia achana nayo, dawa zake ni za injini na mpira wa gari, sio za akriliki na nikeli. Badilisha maji kama mara moja kwa mwaka.

Unaishi wapi

Hili linabadilisha jibu kuliko watu wanavyodhani. Video nyingi za majaribio zinafanywa kwenye chumba cha digrii 21 au 22. Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili chumba kisicho na AC kiko 31 au 32, kwahiyo kila namba uliyoiona ongeza 10 kabla hujaanza. Ile lupu ya 240 moja ambayo Mbeya au Nairobi inakaa na maji ya 42, huku pwani inaenda 52. Kwa pwani mi ningesema sheria ni rejeta kubwa inayoingia, sio ndogo inayotosha, na kama chaguo ni A4-H2O na kadi ya wati 360 bila AC, chagua NR200.

Na usipime kwa dakika tano. Maji yanachelewa kupata joto, hiyo ndo tabia yake, lupu inaweza kuchukua dakika 20 mpaka nusu saa kutulia kwenye joto lake halisi, kwahiyo mtu anayeposti picha ya digrii 52 baada ya raundi moja ya gemu hajakuonyesha kitu. Cheza nusu saa au zaidi ndo uangalie. Kwasababu hiyo hiyo, kwenye lupu feni zifuate joto la maji na sio la prosesa, prosesa inaruka digrii 15 kwa sekunde ukifungua programu tu, na feni zinazoifuata zitakuwa zinapanda na kushuka usiku kucha bila sababu.

Na feni tu?

NR200 inachukua kipozeo cha hadi mm 155, na Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni mm 155 kamili, inaingia kwa kubana na mfuniko wa wavu unafunga. Kwa 7800X3D ya kucheza gemu hiyo inatosha, sio inatosha kwa kuvumilia, inatosha kweli. Fractal Terra ya lita 10.4 inachukua mm 77, Noctua NH-L12S ya mm 70 inakaa. Kama prosesa yako inakula wati 70 na hela uliyopanga kwa AIO ingekupandisha daraja moja la kadi, weka hela kwenye kadi, kisha ingia kwenye mipangilio ushushe kikomo cha wati cha GPU mpaka 80% uone, fremu zinazopungua ni chache na joto linashuka waziwazi. Prosesa kama Core i9-14900K yenye kikomo cha wati 253, hiyo sawa, tafuta maji, au kwenye keisi ndogo isinunuliwe kabisa.

Aliyeamua AIO ajue maji yanapotea kidogo kidogo kupitia mipira miaka inavyoenda na huwezi kuongeza, angalia dhamana kabla ya bei, Arctic wanatoa miaka 6. Aliyeamua lupu anunue na ile pampu ya mkono ya kupimia uvujaji, ni dola chache ukilinganisha na vingine vyote. Kabla maji hayajaingia unasukuma hewa mpaka nusu baa hivi, unaacha nusu saa, mshale ukishuka kuna fitingi imelegea au oringi imekaa upande, unaitafuta ikiwa bado kavu. Ukijaza, washa pampu peke yake kwa kuunganisha ile plagi ya kurukia kwenye pini 24 za pawa sapulai, mazabodi na kadi visipate umeme, tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi, na inamisha keisi huku na huku taratibu mpaka viputo vyote vipande kwenye tangi la maji la lupu.